Mwanamke akilia pumzi, muulizeni pia hedhi yake ikoje

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua ni ndefu naomba usiikate katikati, juu haya maneno nimekaa nayo rohoni na nataka yasomwe yote. Kuna kitu kinaumiza wanawake wengi hapa Nairobi na kingejulikana mapema kwa kuuliza maswali mawili matatu tu. Mwanamke anaenda kliniki anasema daktari, nikitembea kidogo nahema, nikipanda ngazi moyo unadunda kama mtu amekimbizwa, naamka asubuhi nimechoka ni kama sikulala, na anapewa dawa ya kifua. Akirudi anaambiwa ni presha. Akirudi tena anaambiwa ni mawazo, apumzike. Na wakati huo wote mapafu yake hayana shida yoyote, shida iko kwa kizazi, kila mwezi anamwaga damu nyingi kuliko ile mwili wake unaweza kutengeneza.

Haya nimeyaona kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Anaishi Pipeline kule Embakasi, kwa zile gorofa ndefu hazina lifti, na maji yakipotea ni kubeba mtungi kutoka chini mpaka juu. Akaanza kusimama kila gorofa ashike ukuta avute pumzi. Majirani wakasema ni kunenepa, wengine wakasema ana mimba anaficha. Kliniki ya kwanza, ilikuwa ile baridi ya Julai, wakasema ni nimonia akapewa antibayotiki. Kwingine akapewa inhela ati ni asthma. Akapigwa eksirei ya kifua, safi kabisa. Wakamwekea ile mashine ndogo ya kubana kidole ikasoma 98, akaambiwa mama oksijeni yako iko sawa, hauna kitu, enda ulale.

Hapo kwa hio mashine wacha nikae kidogo maana wengi hawajui, na mimi pia nilieleweshwa baadaye. Ile ya kidole haipimi damu yako ni kiasi gani. Inaangalia tu ile damu iko, imebeba oksijeni kwa asilimia ngapi. Sasa kama damu yako imebaki nusu lakini hio nusu imejaa oksijeni vizuri, mashine itasoma 98 na wewe unaishiwa na pumzi pale pale kwa kiti. Kwa hivyo mapafu kuwa sawa, eksirei kuwa sawa na kidole kuwa sawa, yote hayo hayamaanishi mtu anadanganya au ako na mawazo. Yanamaanisha utafute kwingine, na kwa mwanamke ambaye bado anaona mwezi, pa kwanza kutafuta ni kwa damu yake.

Aliyemsaidia alikuwa daktari kijana wa zamu ya usiku. Hakuanza na kifua. Alivuta kope ya chini ya jicho akaona imekuwa nyeupe badala ya nyekundu, akaangalia viganja, alafu akamuuliza, siku zako zinaenda ngapi? Unabadilisha pedi kila baada ya muda gani? Usiku unaamka kubadilisha? Kuna mabonge? Mdogo wangu akajibu ni siku nane tisa hivi, anavaa pedi mbili pamoja, na siku ya pili haendi kazi kabisa, alafu akaongeza, lakini hio ni kawaida yangu daktari, hata mama yetu alikuwa hivyo. Damu ikapimwa, hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ikatoka gramu 5.9 kwa kila desilita. Skani ya tumbo ikaonyesha fibroidi, yaani ule uvimbe unaomea kwa msuli wa kizazi, na mmoja ulikuwa umejitokeza ndani kabisa pale damu ya mwezi hutokea, na hao wa ndani hata wakiwa wadogo ndio wanaomwaga damu sana.

Mkiona 5.9 mjue ni kitu gani. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito anafaa kuwa na 12 kwenda juu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Tena hizo ni hesabu za mtu anayeishi usawa wa bahari. Sisi wa Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, hewa ya huku ina oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa, kwa hivyo mwili wa mtu wa huku unafaa kuwa na hemoglobini nyingi zaidi, karibu gramu moja juu ya hio 12. Mtu anasomewa 11.5 hapa anaambiwa umekosa kidogo tu, na kumbe amekosa zaidi ya vile karatasi inaonyesha.

Venye inafanyika si vigumu kuelewa, ni vile hatuelezwi. Ile rangi nyekundu ya damu ndio hemoglobini, na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwa mapafu kupeleka kwa misuli, ubongo, kila mahali. Inatengenezwa na madini ya chuma. Kila mililita moja ya damu inatoka na karibu nusu miligramu ya hayo madini. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 au 40 hivi, na ikipita 80 madaktari walikuwa wanahesabu hio ni nyingi kupita kiasi. Mwanamke wa fibroidi anaweza kumwaga 200 na zaidi, hapo ameshapoteza karibu miligramu 100 za chuma kwa mwezi mmoja, na tumbo la mtu kwa siku kwa kawaida linanyonya miligramu moja au mbili tu kutoka kwa chakula, na karibu moja inatumika tu kuziba ile mwili hupoteza kila siku hata bila hedhi. Mwezi baada ya mwezi deni linakua. Kwanza akiba ya chuma inaisha, na hapo hemoglobini inaweza bado kusoma sawa lakini mtu tayari amechoka, kichwa kizito, nywele zinakatika. Alafu sasa hemoglobini yenyewe inaanza kushuka, na moyo ukiona oksijeni haifiki unaongeza mbio, unapiga haraka haraka kusukuma ile damu kidogo iko izunguke mara nyingi, na kifua kinavuta hewa mbio. Hio ndio kuhema. Hio ndio ule moyo kudunda akivuka lile daraja la miguu la Thika Road pale Roysambu, mpaka anasimama katikati anajifanya anaangalia simu.

Na kwa sababu damu inaisha polepole, mwili unazoea polepole. Mtu akipoteza damu hio yote kwa ajali angeanguka papo hapo, lakini huyu anaendelea kwenda kazi na 6, anapika, anafua, anabeba mtoto mgongoni. Anapunguza tu. Anaacha kwenda kwa miguu mpaka stej, anaacha kuimba kwaya, anaacha kucheka na wenzake, jioni analala na viatu. Kwa nyumba anaitwa mvivu, kazini anaambiwa siku hizi hauna bidii, na yeye mwenyewe anasema ni umri. Miaka 34 umri gani jamani.

Kitu kingine, hili neno kawaida ndilo limetufunga macho. Fibroidi zinatembea kwa familia. Kama mama alikuwa nazo, binti ana nafasi kubwa ya kuwa nazo, na wanawake weusi tunazipata sana, tunazipata mapema, na zinakuwa kubwa kuliko za wengine. Kwa hivyo binti akisema kwetu sote tunaenda hivyo, mama, shangazi, nyanya, hio isitumike kumtuliza, hio ndiyo sababu ya kumpima. Kawaida ya nyumba moja inaweza kuwa ugonjwa wa nyumba nzima. Na mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa anakula udongo wa ukuta na sisi watoto tulijua tu mama anapenda udongo.

Na hio ya udongo isipite hivi hivi. Mnajua yale mawe laini tunaita odowa, yanauzwa sokoni na hata kwa vibanda vya mtaa, yamefungwa kwa karatasi za plastiki kama njugu. Watu wanadhani ni ya wajawazito tu. Hamu ya kula mawe, udongo, barafu, hata mchele mbichi, mara nyingi ni ishara ya upungufu wa chuma. Na mbaya zaidi udongo wenyewe unaweza kushika yale madini kidogo uliyokula yasiingie mwilini, na unaweza kuleta minyoo juu. Kwa hivyo mama anayetafuna odowa kila siku na anahema akipanda ngazi, tafadhali asichekwe, apelekwe akapimwe damu.

Si kila mara ni upungufu wa damu pekee, niseme hio pia. Kuna fibroidi zinakua mpaka tumbo linakuwa kama la mimba ya miezi sita saba, zinasukuma kila kitu juu, ule msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo unakosa nafasi ya kushuka, na mtu akilala chali anaona ni kama amekaliwa. Zinaweza pia kubana mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, damu inagandia kwa mguu, na lile bonge likitoka huko likienda kwa mapafu, hapo hakuna kungoja asubuhi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, alafu pumzi inakatika ghafla, kifua kinauma ukivuta hewa, unakohoa damu au unazirai, ni kukimbia hospitali saa hio hio hata kama ni usiku wa manane.

Na kuna ile endometriosisi. Watu wa Nairobi hii tunaijua kwa jina la mtu, Njambi Koikai, yule mtangazaji na MC wa reggae aliyetuaga Juni 2024. Miaka mingi alisimama mbele ya watu akaeleza venye ugonjwa wa hedhi ulimpanda mpaka kifuani, mapafu yakawa yanaporomoka mara kwa mara, mpaka akaenda kutibiwa Marekani. Endometriosisi ni pale tishu zinazofanana na zile za ndani ya kizazi zinamea nje yake, mara nyingi kwa ovari na karibu na matumbo, na kwa wachache zinafika kwa ule msuli wa kupumulia na kwa utando wa mapafu. Ikifika huko, mtu anaumwa kifua au bega, sana sana upande wa kulia, na pumzi inakatika karibu na siku zake za mwezi, alafu siku zikiisha inapungua. Daktari asipouliza hii inaanza lini, hawezi kuona huo mpangilio. Njambi alisema sana, kwa redio, kwa televisheni, kwa simu za watu, na mimi naamini tuko na deni kwake la kuuliza.

Sasa nirudi kwa kile naomba. Ukienda hospitali yoyote ya mji huu, ya kata, ya misheni, ya kulipia, mwanamke akiingia anapimwa presha, anapimwa uzito, alafu anaulizwa hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini. Tarehe inaandikwa. Hio tarehe inaulizwa kujua kama ana mimba, ikishaandikwa maneno ya hedhi yameisha. Mimi naomba, na nadhani si kuomba makubwa, kwamba chini ya hio tarehe pawe na laini nyingine: inaenda siku ngapi, na pedi ikijaa inachukua muda gani. Ikizidi siku saba, au pedi inajaa kwa saa moja au mbili, au anaamka usiku kubadilisha, au mabonge makubwa yanatoka, apimwe damu, kile kipimo wanaita full haemogram, kabla hajapewa hata tembe moja ya kifua. Ni kipimo cha kawaida, maabara ndogo za mtaani zinakifanya. Na kama inawezekana apimwe na feritini, hio inaonyesha akiba ya chuma.

Kwa shule pia. Serikali iliondoa ushuru wa pedi 2004, na 2017 ikapitishwa sheria ya kuwapa wasichana wa shule pedi bure, na hata kama hazifiki kila mahali, ni jambo zuri. Lakini mwalimu anayegawa zile pedi ndiye wa kwanza kuona msichana ambaye pakiti inaisha kwa siku mbili. Huyo msichana anayelala darasani, anayeambiwa ni mzembe, anayekosa pumzi kwa mchezo, mwalimu akiambiwa tu kwamba hio ni ishara, angemtuma akapimwe. Kwa wasichana wadogo mara nyingi si fibroidi, inaweza kuwa homoni hazijatulia, au wengine wamezaliwa na damu isiyoganda vizuri na hawajui.

Kwa matibabu nitasema kidogo, mimi si daktari, ila nasema yale tuliyopitia na kuelezwa. Mdogo wangu aliongezwa damu, sisi tukazunguka kutafuta watu wa kuchangia, na siku mbili baadaye alikuwa anaongea bila kukatika. Watu wengi wanaishia hapo. Wanaongezwa damu, wanapewa tembe za chuma, wanaenda nyumbani, na baada ya miezi michache wamerudi pale pale, juu ni kujaza tangi na mfereji bado umeachwa wazi. Lazima kile kinachomwaga kishughulikiwe. Kuna dawa inaitwa traneksamiki, inamezwa zile siku za damu tu na inaweza kupunguza karibu nusu, lakini aliyewahi kugandiwa na damu ndani ya mishipa hafai kuitumia, kwa hivyo si ya kujinunulia tu kwa kemisti. Kuna koili yenye homoni, na hii si ile ya shaba, ile ya shaba inaweza kuongeza damu, na mwanamke wa hedhi nzito anayeenda kupanga uzazi aseme hivyo kabla hajawekewa. Kuna upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake na kizazi kinabaki, kuna kuziba mishipa inayolisha uvimbe bila kupasua tumbo, na kuna kutoa kizazi chote kwa yule ambaye amemaliza kuzaa na amechoka. Nayataja yote makusudi. Wanawake wengi wanaogopa kwenda hospitali kwa kudhani neno la kwanza ni kutolewa kizazi, na hiyo hofu ndiyo inawapeleka kwa wale wanaouza chai za kuyeyusha fibroidi na vitu vya kuingiza huko chini vya kusafisha kizazi, wanauziwa kwa simu, pesa inaisha na damu inaendelea kumwagika.

Tembe za chuma zimezwe na kitu chenye vitamini C, chungwa au limau, na si na chai. Sisi Wakenya chai ya maziwa tunakunywa asubuhi, saa nne, jioni na baada ya chakula, na majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini. Iache ikae kando saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, mtu asishtuke. Zikisumbua tumbo, kuna utafiti ulionyesha kumeza siku moja na kuruka moja kunaweza kufanya mwili unyonye vizuri, uliza daktari wako. Na zisiachwe siku ile nguvu zinarudi, zinaendelea kama miezi mitatu baada ya damu kufika kawaida ili akiba nayo ijae. Juisi ya bitiruti ni tamu na haina ubaya lakini haina chuma cha kutosha kufufua mtu wa 6. Maini, nyama, omena, ndengu, terere na managu zina zaidi, na hata hizo peke yake haziwezi kushindana na damu inayotoka hivyo.

Najua wako watakaosema si kila anayehema ni kizazi. Kweli. Kuna TB, kuna asthma ya ukweli, kuna moyo, kuna vidonda vya tumbo vinavyovuja damu polepole, kuna minyoo, kuna selimundu, yaani sickle cell. Sijasema kifua kisipimwe. Nasema hedhi nayo iulizwe, kama vile mtu anayekohoa anaulizwa kama anatoka jasho usiku. Na mama ambaye hedhi ilikoma kitambo alafu damu ikarudi, au anayetoka damu katikati ya mwezi au baada ya kulala na mumewe, huyo asihesabu kuwa ni fibroidi tu, aende akaangaliwe saratani haraka.

Mhariri, una kurasa za afya na una waandishi wanaofika kwa wakubwa wa afya wa kaunti. Waulizeni fomu ya kumpokea mgonjwa inaandikwa na nani na hio laini moja inahitaji idhini ya nani, mtuandikie jibu. Na wanaume mnaosoma, kama mke wako amepunguza mwendo mwaka huu, leo jioni muulize siku zake ziko aje, alafu muende naye mpime.

Ni mimi msomaji wenu,
Kariobangi South, Nairobi